Kompyuta Iliyopita Upande wa Kulia

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za lori la mazoezi. Draru, mwalimu mwenzangu aliyebaki, akanipa daftari akasema, "Mzee, andika ulivyofanya kazi, sisi tutasoma." Nadhani alisema kwa heshima tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Lakini daftari ninalo, na asubuhi siku hizi sina mtu wa kumpigia kelele. Niliishia darasa la sita. Kiswahili changu nilikipata kwa madereva na askari, kwa hiyo mnaojua kusoma vizuri mtavumilia. Pale nitakapokosea, sikukosea kwa kutaka. Isipokuwa mahali pamoja, na nikifika hapo nitasema mwenyewe.

Sina vyeo vya kusimulia. Nilikuwa mwalimu wa udereva wa malori katika shule ndogo ya mtu binafsi hapa Arua, Uganda, basi. Tulikuwa na uwanja wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, nyuma ya maghala, lori moja lenye milango miwili ambayo mmoja wake ulifunguka, na ubao wa alama za barabarani uliochorwa na mtu asiyejua kuchora ng'ombe. Wanafunzi waliuliza kama ile ni alama ya mbwa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na Mzee Rajabu, Mnubi wa Koboko aliyekuwa dereva wa jeshi. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimevaa shati safi nikidhani nitapanda lori. Akanikalisha kwenye benchi. Mbele ya miguu yangu akaweka matofali matatu: klachi, breki, mafuta. Mkononi akanipa mfuniko wa sufuria kubwa ya harusi. Gia ilikuwa fimbo aliyoichomeka ardhini. Yeye akasimama nyuma yangu na fimbo nyingine.

"Washa gari," akasema.

Nikacheka. Fimbo ikanipata begani.

"Unacheka nini? Gari iko nawaka, wewe iko nacheka. Ingiza moja. Klachi kwanza! Wewe hapana angalia gia, gia hapana kimbia. Angalia mbele. Mbuzi! Mbuzi iko mbele!"

Nikakanyaga tofali la katikati.

"Umekanyaga breki bila klachi, gari imezima, na mbuzi umeua. Nani atalipa mbuzi ya watu?"

Wiki mbili nilikaa kwenye benchi lile. Watu waliokwenda sokoni walisimama kututazama, wengine walinipungia mkono wakisema nisalimie Kampala. Nilipopanda lori la kweli, miguu yangu ilijua kazi kabla yangu. Lakini nisimpambe mzee. Fimbo ile ilimvunja mwanafunzi mmoja kidole, na mwingine, ambaye huenda angekuwa dereva mzuri kuliko mimi, aliondoka siku ya tatu akaenda kulima muhogo Ayivu. Nilipokuwa mwalimu niliiacha fimbo, ila sauti niliichukua.

Miaka mingi baadaye Dairekta, mwenye shule, alileta kompyuta. Mnaocheka leo na simu zenu nzuri, jueni kwamba siku ile tulivaa viatu kama watu wa sikukuu. Zilikuwa mashine mbili za zamani, zilizokwisha kutumika ng'ambo, vioo vyake vimevimba nyuma kama televisheni ya mtumba. Pamoja nazo kulikuwa na usukani mdogo wa plastiki uliobanwa kwenye meza kwa skrubu, na pedali tatu zilizoteleza sakafuni mpaka tulipozizuia kwa gunia la mchanga. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kufundishia madereva. Ukiiwasha, unaona kioo cha mbele cha lori, barabara, nyumba za watu, na sauti ya mwanamke inakuambia kwa Kiingereza ukate wapi. Huyo mwanamke hakukasirika kamwe. Hata ukiingia ndani ya nyumba ya mtu, anakuambia kwa upole ugeuze.

Barabara yake ilikuwa na theluji. Hapakuwa na boda, hapakuwa na mbuzi, wala mama mwenye beseni kichwani anayesimama katikati kuongea na mwenzake. Ukigonga kitu, kioo kinageuka chekundu, unabonyeza kitufe, na unaanza tena pale mwanzo, lori zima, wewe mzima.

Na lori lile lilipita upande wa kulia. Ilikuwa programu ya nchi ambako wanapita kulia, na usukani wake uko kushoto. Sisi Uganda tunapita kushoto. Ila kwetu huku jambo hili si la kushangaza sana. Ukitoka Koboko kidogo tu, ukavuka kwenda Kaya upande wa Sudani Kusini, unahamia kulia. Ukiingia Kongo, vilevile kulia. Dereva wa West Nile, pembe yetu hii ya mipakani, anabadili upande kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Mzee Rajabu alikuja kuiona. Alikuwa ameshazeeka, akakaa kwenye kiti akashika ule usukani kwa vidole viwili kama anashika kitu cha mtoto. Akaenda, akaenda, akafika kwenye theluji, akapinduka. Kioo kikawa chekundu. Nikamwambia, "Mzee, bonyeza hapa uanze tena."

"Kwa nini?"

"Ili uendelee."

"Mimi nimekufa," akasema. "Mutu ya kufa hapana endelea." Akasimama, akaomba soda, akaenda zake. Tulicheka siku nzima. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Sasa nataka kuwa wa haki kwa mashine, maana si kosa lake. Ilifundisha kioo cha pembeni kuliko nilivyoweza mimi. Usipotazama kioo kabla ya kukata, ilikukata alama, na ilikuwa haichoki. Wanawake waliochekwa na wapita njia kila wakizima lori waliweza kujifunza gia mle ndani bila mtu kuwatazama, na wawili kati yao leo wanaendesha malori makubwa kunishinda. Waoga walipoteza woga. Haikunywa dizeli. Na Dairekta pia nimtendee haki: wakati ule dizeli ilikuwa taabu kupatikana, shule nyingine zilikuwa zinafunga, na yeye hakumfukuza mtu hata mmoja. Aliiamini ile programu kwa moyo wake wote. Alikaa nayo mwenyewe jioni, amevua koti, akikata kona.

Wazo la upande wa kulia lilikuwa langu. Hili naliandika wazi kwa sababu watu wameshamlaumu Dairekta kwalo. Yeye alikuwa anataka kumtafuta fundi aigeuze programu ipite kushoto. Mimi nikasema, "Dairekta, iache. Wanafunzi wetu nusu wanakwenda kuendesha Juba na Kongo. Kushoto nitawafundisha kwenye lori, kulia watajifunza kwenye kompyuta. Hakuna shule nyingine yenye kitu kama hiki."

Akanitazama. "Mwalimu, hiyo ni akili." Wiki ileile akaandikisha bango: shule inayofundisha udereva wa nchi tatu. Nililisoma kila asubuhi nikipita. Kwa mtu wa darasa la sita, kuona wazo lako limechorwa kwa rangi juu ya geti ni kitu kizito. Nilinyoosha mgongo.

Kisha ikaja kadi. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi ya saa za barabarani, na bila saa thelathini hapelekwi kwenye mtihani wa leseni. Mwalimu anaandika saa, anatia sahihi. Dizeli ilipozidi kuwa ngumu, Dairekta akasema saa za kompyuta nazo zihesabiwe. Nilimwuliza kama tutenganishe, tupige mstari kadi iwe na sehemu mbili, lori huku na kompyuta huku. Akasema kadi zimeshachapwa. Hivyo tu. Nami kalamu nilikuwa nayo mfukoni, na rula ilikuwa mezani.

Mwaka huo ndipo alipokuja Taban. Alikuwa mtu mzima, Mkakwa wa Dranya, ana mke na watoto watatu, amechoka na jembe. Mkimya, mikono mikubwa. Mara ya kwanza kwenye kompyuta aliangusha lori mtoni mara nne, wenzake wakamwita Mvuvi. Wiki ya pili hakuanguka tena. Wiki ya tatu alikuwa anawafundisha wengine.

"Mvuvi, samaki wameisha?" mmoja akamtania.

"Samaki wenu nyinyi nawaachia," akasema bila kugeuza macho kutoka kwenye kioo.

Sikuwahi kuona mtu aliyetulia hivyo kwenye mashine ile. Kitu kikitokea mbele yake, mkono wake ulivuta kulia, kando ya barabara, bila haraka, na lori likasimama. Niliwaita wengine waje wamtazame.

Kwenye lori la kweli alikuwa ameendesha saa saba. Nazijua kwa sababu nilikuwa naye zote saba, kwenda Manibe na kurudi, na nilikuwa nakaa pembeni nikisema "shika kushoto, shika kushoto" kama mtu anayesali. Siku moja akaja mbio. Mfanyabiashara mmoja wa Sudani Kusini, mama aliyekuwa anapeleka unga na maharagwe ng'ambo ya mpaka, ameachwa na dereva wake. Anamtaka Taban, lakini mtihani wa leseni ni Alhamisi, na akiukosa huo, mwingine ni baada ya mwezi mzima. Yule mama hatasubiri.

"Mwalimu, kadi yangu imebaki saa ngapi?"

Nikahesabu. Saba za lori, ishirini na tatu za kompyuta. "Zimetimia," nikasema.

"Lakini barabarani mimi bado kidogo, au?"

Alilisema yeye mwenyewe. Miaka yote hii nimejaribu kulisahau, na ndilo nalikumbuka kuliko yote. Nikamjibu, "Wewe ndiye bora niliye naye." Nikaandika thelathini kwenye mstari mmoja, nikatia sahihi. Alhamisi akapita mtihani. Waliomtahini hawakukosea, alifanya kila kitu walichomwambia, kwenye barabara yenye magari, na mtu pembeni yake.

Lori la yule mama lilikuwa la ng'ambo, usukani kushoto, kama ule wa kompyuta. Taban alikwenda vizuri. Alivuka Kaya, akahamia kulia, akashusha mzigo, akarudi siku ya tatu. Mpakani aliingia Uganda akashika kushoto kama inavyotakiwa, kwa sababu pale kuna foleni na unamfuata wa mbele. Kilomita chache kabla ya Koboko turubai likalegea. Akasimama, akashuka, akalifunga. Ilikuwa saa nne asubuhi, barabara tupu, hakuna gari mbele wala nyuma. Akapanda akaondoka. Akaondoka kwa kulia.

Dereva yeyote wa mipakani anajua hiyo ndiyo saa yake mbaya. Si kwenye kuvuka, maana kwenye kuvuka unakuwa macho. Ni pale unaposimama kidogo kwa jambo dogo, kisha unaanza upya kwenye barabara isiyo na mtu wa kukukumbusha. Mimi nilijua. Sikumfundisha, kwa sababu saa zangu ziliisha kabla ya kufika huko.

Kwenye kona alikutana na boda. Mwendeshaji alikuwa Yakobo, kijana wa Koboko, hakubeba abiria. Yakobo alikuwa upande wake, kushoto kwake, na alipoona lori akazidi kuvuta kushoto, kwenye majani. Taban mkono wake ukafanya kile ulichozoea. Ukavuta kulia, taratibu, kando ya barabara. Ni mahali palepale alipokimbilia Yakobo.

Yakobo alifia njiani kupelekwa hospitali.

Watu wa Koboko walisema dereva alikuwa mlevi. Sikuwalaumu. Mtu mwenye leseni mpya, aliyesoma shule yenye bango, anapitaje kulia ndani ya Uganda asubuhi kweupe kama hakunywa? Taban hajawahi kunywa hata siku moja. Lakini nani angewaelezea?

Mimi ningewaelezea. Nimefika pale nilipoahidi.

Niliitwa mahakamani kama shahidi. Asubuhi ile Dairekta alinipeleka kwa gari lake. Hakuniambia nidanganye, na mtu akisema aliniambia, si kweli. Alisema, "Mwalimu, jibu unachoulizwa." Hayo tu.

Wakanionyesha kadi. "Umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Saa thelathini za barabarani?"

"Ndiyo."

"Ni sahihi?"

Nikasema, "Ni sahihi kwa hesabu ya shule."

Nilidhani nimesema kitu. Nilidhani wataniuliza hesabu ya shule ni ipi. Niliitengeneza ile sentensi usiku kucha ili isiwe uongo, na kweli haikuwa uongo. Hakuna aliyeuliza. Nikaenda kukaa nyuma.

Ikafika zamu ya Taban. Akasema hakunywa, akasema barabarani alikuwa ameendesha saa saba tu, nyingine ni za kompyuta. Mwendesha mashtaka akainua kadi yangu.

"Basi mwalimu wako aliyesimama hapa ni mwongo?"

Taban akageuka akanitafuta. Nilikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango. Akanitazama kiasi cha mtu kuweza kusimama, kama angetaka kusimama.

"Mwalimu wangu siwezi kumwita mwongo," akasema.

Wakampa miaka minne. Hakimu alisema dereva aliyefundishwa kikamilifu hana udhuru. Kwa alichokuwa nacho mezani, alisema sawa.

Shule iliendelea. Kompyuta zikahamishiwa ofisini, zikawa za kuchapia barua, na bango likapakwa rangi juu. Kadi mpya zilikuja na sehemu mbili, huku lori na huku kompyuta, ijapokuwa kompyuta hazikufundishia mtu tena. Dairekta hakuwahi kulitaja jambo lile mbele yangu, wala mimi mbele yake. Nilifundisha miaka kumi na moja baada ya hapo. Watu husema nilikuwa mkali. Draru alinisikia nikimrudisha mwanafunzi kwa kukosa nusu saa, akaniambia, "Mzee, nusu saa tu?" Nilimjibu vibaya. Draru, hii ndiyo sababu.

Baada ya kurudisha funguo nilipanda gari hadi Koboko, nikachukua boda kwenda Dranya. Taban alikuwa anaanika muhogo. Alinitambua kabla sijashuka.

"Mwalimu, karibu. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nilizeeshwa."

Mke wake akaleta kiti na chai. Hakunitazama usoni. Nikamwambia Taban nimekuja na maneno, kwamba nataka kwenda kwa wakili niandike kiapo, niseme saa zilikuwa saba, ili jina lake lisafishwe mahakamani. Niliyafanyia mazoezi njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja.

"Mahakama ya nini?" akasema. "Miaka yangu nilishaimaliza. Watanirudishia? Leseni sitaki. Hata baiskeli siku hizi nasukuma."

"Basi nifanye nini, Taban?"

"Unaniuliza mimi?"

Nikaweka kikombe chini.

"Siku ile nilikutazama," akasema. "Nilisema sasa atasimama. Sasa. Sasa. Nikahesabu mpaka nikachoka. Wewe huwa unasema dereva mzuri haogopi kusimama."

Sikumbuki kama niliwahi kusema hivyo. Labda nilisema. Nilisema mengi.

Akaendelea, "Mama yake Yakobo nakutana naye soko la Koboko. Anatema mate chini. Mimi nilimuulia mtoto, hilo kweli, mate nayastahili. Lakini anatema kwa sababu ya pombe. Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa mlevi. Mimi nikienda kumwambia, atasema muuaji anajitetea. Nenda wewe."

"Leo?"

"Kwani ulikuwa na safari nyingine?"

Nilikwenda. Naandika hivyo kwa sababu nusu ya njia nilimwambia wa boda ageuze, na akageuza, tukaenda hatua kama mia kuelekea nyuma, kisha nikamwambia ageuze tena. Akaniuliza kama naumwa.

Mama yake Yakobo anakaa pembeni ya mji. Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikabisha hodi, nikajitaja jina, nikasema nilikuwa mwalimu wa yule dereva. Hakusimama. Akanionyesha kigogo nikakaa. Nikamweleza yote: kompyuta, kulia na kushoto, saa saba, kadi, na lile nililosema mahakamani. Nikamwambia yule mtu hanywi na hakunywa siku ile. Nikamwambia aliniuliza mwenyewe kama yuko tayari, nami nikamjibu yuko tayari. Yeye mikono yake haikusimama, jiwe huku, harage huku.

Nilipomaliza akatupa jiwe jingine pembeni.

"Miaka yote hii mimi namlaani yule mutu wa Dranya," akasema. "Kila Jumapili kanisani, naomba Mungu amwonyeshe. Nataja jina lake."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe haikuwa pombe."

"Haikuwa."

Akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Jina lako umesema nani?"

Nikamwambia tena, jina la baba na la kwangu, polepole, ili alishike.